Somo la Dragon Quest kwa wasimulizi wa Tarime na Serengeti

Tarehe 23 Julai 2021, timu za mataifa zilipoanza kuingia uwanjani kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Tokyo, muziki wa kwanza kusikika ulitoka kwenye gemu. Ulitungwa na Koichi Sugiyama kwa ajili ya Dragon Quest, mchezo wa video ulioingia sokoni Japani tarehe 27 Mei 1986. Japani ina ngoma za kale na maigizo ya karne nyingi, na bado ilikubali kwamba muziki wa gemu ya watoto unastahili kuwakaribisha wageni wa dunia nzima. Miaka 35 ilitosha kuugeuza mchezo wa sebuleni kuwa urithi wa taifa.

Nalileta jambo hili kwenye safu inayohusu masimulizi ya Mara kwa sababu naliona linatuhusu. Wilaya za Tarime na Serengeti zina hadithi ambazo tayari zimekaa katika umbo la safari: mtu anatoka kwao, anakutana na mwenye ujuzi asio nao, wanavuka nchi pamoja, na nchi inapona. Hilo ndilo umbo la gemu za Kijapani za uhusika, ambamo mchezaji huvaa nafsi ya msafiri na kukomaa naye hatua kwa hatua. Hadithi tunazo. Tunachopaswa kujifunza kutoka Japani ni ufundi wa kuiingiza hadithi kwenye chombo ambacho watu wa kawaida tayari wanacho mkononi. Mapanga, makasri na majoka tuyaache hukohuko.

Walichofanya mwaka 1986

Yuji Horii, mwandishi aliyebuni Dragon Quest, hakuvumbua gemu za aina hii. Mwaka 1983 alifika San Francisco kwenye maonyesho ya kompyuta za Apple, na huko akakutana na Wizardry, gemu ya Kimarekani ya mwaka 1981. Wizardry na mwenzake Ultima zilipendwa na watu waliokuwa na kompyuta, kibodi na subira ya kusoma kitabu cha kanuni kabla ya kuanza kucheza. Watoto wa Japani hawakuwa na hayo. Walikuwa na Famicom, mashine ya Nintendo iliyotoka mwaka huo wa 1983, yenye kidhibiti cha vitufe vichache tu.

Horii akaanza kupunguza. Matendo yote ya msafiri akayaweka kwenye menyu ya maagizo manane: kuzungumza, kutazama hali yako, kupanda au kushuka ngazi, kupekua, kutumia uganga, kutumia kifaa, kufungua mlango na kuchukua. Mtu yeyote wa Tarime aliyewahi kupiga *150*00# na kuchagua namba ili atume pesa anaijua mantiki hiyo: hufundishwi mfumo mzima, unaonyeshwa njia zilizo mbele yako na unachagua moja. Katriji yote ilikuwa na kilobaiti 64, pungufu ya picha moja ya kawaida inayotumwa leo kwa WhatsApp. Ndani ya nafasi hiyo ziliingia ramani, miji, maadui, muziki na maneno yote. Hata herufi za katakana zilipunguzwa, na majina ya vitu yakatungwa kwa zile zilizobaki.

Mahali ambapo ufundi wa Horii unaonekana wazi kabisa ni chumba cha kwanza. Mchezo unapoanza, msafiri yuko mbele ya mfalme na mlango umefungwa. Kuna makasha chumbani, na ndani ya mojawapo kuna ufunguo. Ili atoke, mchezaji lazima azungumze, afungue kasha, achukue, afungue mlango, ashuke ngazi. Akifika nje ameshajifunza karibu kila kitu kinachohitajika, wala hajasoma ukurasa hata mmoja wa maelekezo. Kisha, akitembea hatua chache tu, anaiona ngome ya adui wake ng'ambo ya maji. Iko karibu kiasi cha kuonekana, ila njia ya kuifikia inazunguka nchi nzima. Bila hotuba ndefu, mchezaji amejua anakokwenda na kwa nini safari itakuwa ndefu.

Jambo la pili lilikuwa la kimaadili. Gemu nyingi za wakati ule zilimtuza mwenye vidole vyepesi. Horii alitaka mtu yeyote mwenye subira aweze kufika mwisho. Kila pambano liliacha uzoefu kidogo, uzoefu ukijumlishwa ulimpandisha msafiri daraja, na aliyeshindwa leo angeshinda kesho kwa kuendelea tu. Katriji haikuweza kuhifadhi safari, kwa hiyo mfalme alimpa mchezaji maneno ya siri yenye herufi 20 ayaandike kwenye karatasi. Katika toleo la pili, la mwaka 1987, yakafika hadi herufi 52, na herufi moja ikikosewa safari yote ilipotea.

Horii hakuwa peke yake. Maadui walichorwa na Akira Toriyama, yule wa Dragon Ball, na programu iliandikwa na Koichi Nakamura. Toleo la tatu lilipotoka tarehe 10 Februari 1988, siku ya Jumatano, nakala zaidi ya milioni moja zilinunuliwa siku hiyohiyo na wanafunzi wengi wakatoroka shule ili wapange foleni. Nyuma yake wakaja wengine. Final Fantasy ya Hironobu Sakaguchi ilitoka Desemba 1987, na Pokémon ya Satoshi Tajiri, aliyepata wazo lake kwenye utoto wa kukusanya wadudu, ikatoka Februari 1996. Ukoo mzima huo umejengwa juu ya menyu, subira na safari ya pamoja.

Hadithi zetu zina umbo hilo

Sasa tuangalie kilichopo kwetu. Wanata wa wilaya ya Serengeti husimulia mwanzo wao kupitia Nyamunywa, mwindaji, na Nyasigonko, mwanamke mkulima. Kila mmoja ana ujuzi ambao mwenzake hana, na watu wanaanza pale wawili hao wanapokutana. Mbunifu wa gemu akisikia hadithi hiyo huona mara moja kikosi cha wasafiri. Dragon Quest II imejengwa hivyohivyo: mmoja ana nguvu bila uganga, mwingine ana uganga bila nguvu, wa tatu ana kidogo cha kila kimoja. Tofauti ni kwamba wabunifu wa Kijapani walilazimika kubuni sababu ya wahusika wao kuhitajiana. Wazee wa Nata wameirithi.

Ziko pia taratibu za rika. Kwa Wakurya wa Tarime, vizazi vinapokezana kwa majina yanayojirudia katika mizunguko miwili: Abasai, Abanyamburiti, Abagamunyere na Abanyangi upande mmoja, Abamaina, Abachuma, Abamairabe na Abagini upande mwingine. Kizazi cha mtu hutokana na kizazi cha baba yake. Jina hilo huamua ni nani utamheshimu kwa kujitenga naye kidogo, na ni nani utazungumza naye kwa uhuru na utani. Gemu nyingi hurudia mazungumzo yaleyale kwa kila anayekuja. Gemu iliyojengwa juu ya vizazi vya Wakurya ingelazimika kuwa makini zaidi: mzee mmoja angemjibu mchezaji kwa namna moja, angemjibu mwenzake kwa namna nyingine, na mchezaji angejifunza desturi kwa kuiishi, kama mtoto wa nyumba hiyo anavyojifunza.

Ila kinachonivutia kuliko vyote ni desturi ya kuizunguka nchi. Miongoni mwa Wanata, Waikoma na majirani zao, kizazi kilichoshika zamu hutembea kuizunguka ekyaro, ardhi yao na watu wake, katika ibada iitwayo kukerera, ili nchi ipate afya na uzazi. Nimesoma na kucheza safari nyingi za gemu ambazo mwisho wake ni kumuua adui mkubwa. Hapa kuna safari ambayo mwisho wake ni nchi kupona kwa sababu watu wake wameikanyaga pamoja, mpaka kwa mpaka. Mbunifu yeyote makini angeitamani.

Desturi hiyo ina uzito wa pekee Serengeti kwa sababu ya historia ya ardhi yenyewe. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilitangazwa mwaka 1951, na baadaye yakaja mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti. Sehemu ambazo wazee huzitaja katika masimulizi yao, zikiwemo chemchemi, vilima na mahame ya mababu, nyingi zimebaki ndani ya mipaka hiyo. Nyeberekera, inayotajwa na Waisenye kuwa makao yao ya zamani, iko ndani ya hifadhi. Mwanahistoria Jan Bender Shetler alikusanya kumbukumbu hizi kutoka kwa wazee, na mwaka 2007 akachapisha kitabu kiitwacho Imagining Serengeti, kinachoonyesha kuwa jamii hizi zilitunza historia yao kwa kuifunga kwenye mahali. Mahali pakifungwa, kumbukumbu nayo hudhoofika, maana mjukuu hapelekwi tena kuonyeshwa jiwe wala mti.

Hapa gemu ina uwezo ambao kitabu hakina. Ramani ya gemu hutembelewa. Kijana wa Robanda au Isenye anaweza kufika kwenye chemchemi ambayo babu yake aliitaja, akaikuta imeandikwa kwa jina lake, akazungumza na mtu anayemweleza kilichotokea hapo, kisha akaendelea na njia hadi kilima kinachofuata. Haitakuwa sawa na kukanyaga ardhi yenyewe. Lakini majina yatapangwa upya kwa mfuatano wa safari, na huo ndio mfuatano ambao wazee waliutumia kuyakumbuka.

Muziki nao upo. Litungu la Wakurya ni chombo cha nyuzi 8, lenye sanduku la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe, na sauti yake nzito huisikii kwa masikio tu, inakugonga kifuani. Mpigaji hushika mzunguko mmoja na kuurudia, huku akibadilisha kidogo hapa na pale, naye mwimbaji hupita juu yake. Sugiyama alikuwa na sauti chache tu za mashine ya Famicom, na kazi yake ilikuwa kutunga kipande kifupi kinachoweza kurudiwa mara mia pasipo kumchosha mchezaji. Mpiga litungu mzuri wa Nyamwaga au Sirari ameifanya kazi hiyo maisha yake yote.

Walioanza kabla yetu

Afrika haianzii sifuri. Mkenya Wesley Kirinya alitengeneza The Adventures of Nyangi katika miaka ya 2000, gemu ya msichana anayetafuta vitu vya kale vya Kiafrika, kisha mwaka 2009 akaanzisha Leti Arts pamoja na Eyram Tawia wa Ghana. Nchini Kameruni, Olivier Madiba na kampuni ya Kiro'o Games walitoa Aurion: Legacy of the Kori-Odan mwaka 2016, gemu ya uhusika iliyojifunza waziwazi kutoka Japani na kuujenga ulimwengu wake kwa falsafa na visasili vya Kiafrika.

Aliye karibu zaidi na sisi kwa lugha ni Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Studio yake, Surgent Studios, ilitoa Tales of Kenzera: Zau tarehe 23 Aprili 2024. Zau ni mganga kijana aliyefiwa na baba yake. Anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, na kufanya naye mapatano: atamletea roho tatu kuu, naye arudishiwe baba. Salim alimpoteza baba yake mwenyewe, na hadithi nzima imetoka kwenye msiba huo. Kwa aina yake ni gemu ya kuruka na kupambana zaidi kuliko ya menyu na vikosi, ila roho ya safari ni ileile. Tena wahusika wake wote wanazungumza Kiswahili ukitaka, kwa sauti za waigizaji, mwanzo hadi mwisho. Mwaka 2025 ikapata tuzo ya BAFTA kwa gemu yenye mchango unaozidi burudani.

Kazi hizi zimefunga mjadala wa kama visasili vya Kiafrika vinaweza kubeba gemu kubwa. Vinaweza. Bado hazijafika Mugumu, mji wa wilaya ya Serengeti. Aurion iliuzwa kwa wenye kompyuta. Zau ilitoka kwa takriban dola 20, kwa mashine ambazo kaya nyingi za Tarime na Serengeti hazina. Vijana wetu hucheza mpira wa PlayStation kwenye vibanda, wakilipa kwa mechi, na nyumbani wana simu ya bei nafuu yenye bando la kuhesabu. Wizardry ilikuwa gemu nzuri iliyokwama kwa wenye kompyuta, na Horii akaifikisha kwa wenye Famicom. Sisi tuna Zau. Anayekosekana ni yule atakayefanya kazi ya Horii.

Mambo matatu ya kuchunga

Kuna hatari, na nazitaja kwa sababu naitakia kazi hii mema.

Ya kwanza ni vita. Gemu za uhusika hukuza msafiri kwa mapambano, na mwenye haraka ataona Tarime ina mapambano tele: wizi wa ng'ombe, ugomvi wa koo, mipaka inayogombaniwa. Mapigano hayo yameua watu na kuchoma nyumba, na serikali ilifika hatua ya kuunda Kanda Maalumu ya Polisi ya Tarime na Rorya. Gemu inayompa mtoto pointi kwa kumpiga mtu wa ukoo wa jirani itakuwa imechochea kuni kwenye moto ambao wazee wanahangaika kuuzima. Wala si lazima iwe hivyo. Undertale ya Toby Fox, iliyotoka 2015 na kujifunza mengi kutoka gemu za Kijapani za Mother, inamruhusu mchezaji kumaliza safari yote bila kuua. Ukuryani kuna iritongo, mkutano ambapo mashauri huletwa mbele ya watu, yakasikilizwa na kuamuliwa. Kumshawishi mzee mgumu mbele ya iritongo, kwa ushahidi uliokusanya kijiji kwa kijiji, ni pambano linalostahili kumpandisha mtu daraja.

Ya pili ni jando na ukeketaji. Huwezi kuzungumzia rika bila kugusa tohara, na katika wilaya hizi mbili wasichana wamekeketwa kwa jina la desturi hiyohiyo. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kuwakeketa walio chini ya miaka 18, na wasichana bado hukimbilia nyumba salama msimu unapofika. Gemu isithubutu kulifanya tendo hilo kuwa ngazi ya kupanda. Ikiligusa, iliguse kupitia macho ya msichana anayekimbia na mtu anayemfungulia mlango usiku.

Ya tatu ni umiliki. Waikoma wana Machaba, jozi ya pembe za ndovu ambazo masimulizi yao yanasema zilitoka kwa nabii wa Watatoga, na ambazo hadi leo ni kitu kitakatifu cha uponyaji na ulinzi. Mgeni akisoma habari hizi ataziona kama hazina ya kuwekwa kwenye kasha mwisho wa pango. Hana haki hiyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda pia sanaa za jadi, na COSOTA, taasisi ya kusimamia hakimiliki, ipo kwa mujibu wa sheria hiyo. Lakini hata kabla ya sheria kuna adabu ya kwenda kwa wenyewe, kuuliza kipi kinasemwa hadharani na kipi hakisemwi, na kukubali jibu. Baraza la inchama la Wakurya lina mambo ambayo hayatoki nje ya wazee wake. Gemu ikionyesha mlango uliofungwa ambao msafiri hapewi ufunguo wake, itakuwa imesema ukweli kuhusu jamii hiyo.

Tuanzie wapi

Napendekeza tuanze kidogo, kama Horii. Hadithi moja, ya jamii moja, kwa idhini ya wazee wake. Maandishi yanayoendeshwa kwa menyu yanaweza kuchezwa hata kwenye kitochi kupitia huduma za namba za simu, ambako ujumbe mmoja hauzidi herufi 182 na muda wa kujibu ni mfupi. Mwandishi atalazimika kupima kila neno, na kipimo hicho ndicho kilichoifanya Dragon Quest ieleweke na mtoto wa darasa la tatu. Toleo la simu janja lifuate, jepesi, linalochezwa bila intaneti baada ya kupakuliwa, lenye sauti ya litungu iliyorekodiwa kwa mpigaji aliyelipwa na kutajwa jina.

Lugha ziwe mbili. Kiswahili kiwe cha kuwafikia Watanzania wote, na Kikurya, Kiikoma au Kingoreme kiwe cha kuwafikia wenye hadithi. Kazi ya kuziandika lugha za Mara imekuwa ikiendelea Musoma kwa miaka mingi, kwa hiyo mwandishi wa gemu hatahitaji kubuni tahajia. Walimu wa sekondari za Tarime na Mugumu wanaweza kuwapa wanafunzi kazi ya kwenda kwa bibi na babu kuchora njia ya hadithi moja: ilianzia wapi, ikapita wapi, nani alikutana na nani. Karatasi hizo, zikikusanywa na kuhakikiwa na wazee, tayari ni ramani ya gemu.

Wa kuifanya wapo. Kuna vijana wa wilaya hizi wanaosomea programu za kompyuta vyuoni Mwanza, Dodoma na Dar es Salaam, na kila mwaka wanatafuta mradi wa kumalizia shahada. Waje nyumbani likizo wakiwa na daftari, wakae na wazee kwanza, kompyuta ifuate baadaye. Wazee wanaoijua njia ya ekyaro kwa miguu yao wanapungua kila mwaka, na kizazi hiki kina vyote viwili, masimulizi na simu. Kikichelewa, kizazi kijacho kitarithi simu peke yake.